Nyimbo 58 na rekodi moja: kicheza muziki cha marehemu kaka yangu

#1 Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie.

Nina kicheza muziki cha MP3 kilichokuwa cha kaka yangu. Ni kadude kadogo, ukikafumba kiganjani hakaonekani. Kioo chake kinaonyesha mistari miwili tu ya maandishi, kinatumia betri moja ya AAA, na ujazo wake ni megabaiti 256. Alikipata mwaka 2005. Yeye alifariki mwaka 2009, na tangu siku hiyo kipo kwangu.

Ndani mna nyimbo 58. Nazijua kwa mpangilio wake kiasi kwamba wa saba ukikaribia kuisha, sikio langu limeshaanza kuusikia wa nane. Wimbo wa 12 hauna mwanzo, sekunde kama mbili zimekatwa, kwa hiyo unaingia katikati ya neno. Wa 40 una mkwaruzo kwenye dakika ya tatu, kama mtu anachana karatasi. Majina mengi yamekatika kwa sababu kioo hakitoshi, na mengine yameandikwa hovyo na watu ambao hatukuwahi kuwajua.

Halafu kuna folda inaitwa VOICE. Kifaa kina maikrofoni ndogo, na siku moja kaka alikiweka mbele ya redio akarekodi wimbo uliokuwa unapigwa. Ukifika katikati unasikia mlango unafunguliwa, kisha sauti yake, karibu kabisa na maikrofoni, ananong'ona: "Funga mlango, narekodi." Aliyefungua mlango ni mimi. Nilikuwa na miaka 13. Sina rekodi nyingine yoyote ya sauti yake.

Mwezi uliopita rafiki yangu aliona jinsi ninavyohangaika na kifaa hiki, akatumia siku mbili kunitafutia zile nyimbo zote 58 katika FLAC, yaani faili za sauti zilizobanwa bila kupoteza ubora, zikiwa na picha za albamu na majina sahihi. Nia yake ilikuwa njema na nilimshukuru. Usiku nikazisikiliza. Wimbo wa 12 ukaanzia mwanzo wake. Wakuu, miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kuzisikia zile sekunde mbili. Ni nzuri. Lakini nilipozisikia nilijiona kama nimeingia chumbani kwa kaka nikakuta kimepakwa rangi upya na kitanda kimehamishwa.

Sasa kifaa kimeanza kuchoka. Kioo kinafifia, na nikikichomeka kwenye kompyuta mara kinaonekana, mara hakionekani. Naomba kujua namna ya kuvitoa vilivyomo bila kubadilisha hata kitu kimoja. Na zaidi ya hapo, nataka kujua kama kuna mwingine humu anayeshikamana na faili mbovu ilhali nzuri zipo.

#2 Mdau wa kanda

Pole sana kwa kuondokewa na kaka. Uzi wako umenikamata kooni.

Kuhusu swali lako la pili, ndiyo, nipo. Mimi ni mtu wa kaseti. Philips waliitoa mwaka 1963, utepe wake una upana wa milimita 3.81 na unatembea sentimita 4.76 kwa sekunde. Ni mwendo mdogo sana, ndiyo maana mshindo ule wa "shhh" haukwepeki. Nimeukulia huo mshindo. Wimbo ukianza bila "shhh" mbele yake mimi nahisi kama mtu ameingia bila kubisha hodi.

Mimi na dada yangu tulikuwa na kicheza kanda chenye matundu mawili ya hedifoni. Watu wengi hawajui kwamba hata Walkman ya kwanza kabisa ya Sony, TPS-L2 ya Julai 1979, ilikuwa na matundu mawili, na kitufe cha rangi ya chungwa cha kupunguza muziki ili wawili mliosikiliza mweze kusemezana kupitia maikrofoni. Sony walidhani kusikiliza peke yako kungeonekana utovu wa adabu. Sisi tulitembea tumeunganishwa kwa waya hivyo hivyo, mmoja akisimama ghafla mwenzake anavutwa sikio. Kanda ikilegea, tunazungusha gurudumu kwa penseli. Ukitaka isifutwe, unavunja kile kijino cha plastiki nyuma. Ukibadili mawazo, unabandika karatasi ya gundi juu ya tundu.

Kanda niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya dakika 90, na upande B uliisha katikati ya ubeti wa tatu. Hadi leo nikiusikia wimbo ule mahali popote, nikifika pale nasubiri ule mlio wa "tak" wa kitufe kuruka.

#3 Msomaji

Pole ndugu. "Funga mlango, narekodi." Nimeisoma mara tatu.

#4 Fundi

Mkuu pole. Nije kwenye swali la kwanza kwa sababu lina haraka kuliko unavyodhani.

Kwanza acha kukisikiliza. Toa betri leo. AAA za alkali huvuja, na ule ungaunga mweupe au wa kijani hula vishikio vya chuma. Ukikuta umeanza, pamba yenye alkoholi safi, taratibu, kisha acha ikauke kabisa.

Pili, memori ya flashi huhifadhi data kama chaji ya umeme ndani ya vijichumba vidogo sana, na chaji hiyo huvuja polepole miaka inavyokwenda. Kifaa cha 2005 kimekaa muda mrefu, kwa hiyo usiseme utafanya mwakani.

Tatu, na hapa ndipo watu wengi hupoteza kitu bila kujua. Umesema unazijua nyimbo kwa mpangilio. Vifaa vingi vya namna hiyo havipangi nyimbo kwa alfabeti wala kwa albamu. Vinapiga kwa mpangilio wa orodha ya FAT, ule mfumo wa kuhifadhi faili katika memori, yaani jinsi majina ya faili yalivyoandikwa mle ndani, moja baada ya jingine. Mpangilio unaoujua wewe kwa moyo ni mpangilio ambao kaka yako alizipakia. Ukiburuta tu faili kwenda kwenye kompyuta, kompyuta itazipanga kwa majina, na ukizirudisha kwenye kifaa kingine zitaandikwa kwa mpangilio mpya. Nyimbo zote 58 zitakuwepo, mkono wake utakuwa umepotea.

Kwa hiyo usinakili faili, nakili kifaa kizima. Kompyuta ikikuuliza kama unataka kufomati, kataa. Tumia kompyuta yenye mfumo endeshi wa Linux na programu ya ddrescue, inayosoma memori nzima kuanzia sekta ya kwanza hadi ya mwisho na kuiweka katika faili moja. Sehemu ikigoma, inairuka, inamalizia kwingine, kisha inairudia. Hii ndiyo dawa ya kifaa kinachokatika katika kama chako. Ukimaliza, piga hesabu ya uhakiki ya SHA-256 juu ya ile nakala na uiandike mahali. Siku yoyote ukitaka kujua kama imebadilika hata biti moja, unapiga tena na kulinganisha. Weka nakala tatu, moja iwe nje ya nyumba.

Yote haya yanawezekana kama kifaa kinajitokeza kama diski ya kawaida. Niambie kwanza hilo.

#5 Msikilizaji makini

Mleta mada, pole kwa msiba wa kaka. Naomba niseme kitu ambacho huenda hakitawapendeza wote, na nakisema kwa heshima.

Mimi ni mtu wa FLAC na nina sababu zangu. CD inachukua sampuli 44,100 kila sekunde, kila moja ya biti 16, kwa chaneli mbili. Jumla ni kama kilobiti 1,411 kwa sekunde. Faili ya MP3 ya kilobiti 128 imebaki na sehemu moja ya kumi na moja ya hiyo. Hizo kumi zimekwenda wapi? MP3 ilijengwa juu ya tabia ya sikio: mlio mkubwa ukipiga, sikio haliusikii mlio mdogo ulio karibu nao kwa masafa au kwa wakati. Kilichofunikwa kinatupwa, au kinaandikwa kwa ukali mdogo. Ni kazi ya akili kubwa. Karlheinz Brandenburg, mmoja wa waliounda MP3 Ujerumani, alijaribia sauti ya Suzanne Vega akiimba bila ala yoyote, kwa sababu matoleo ya mwanzo yaliichakaza vibaya, na aliendelea kuusikiliza wimbo huo huo mpaka ukatulia.

Lakini kwa kilobiti 128, hasa kwa programu za kubana za miaka ile, matoazi yanageuka maji. Makofi ya hadhira yanakuwa kama kokoto ndani ya kopo. Ubanaji wa kiwango hicho mara nyingi hukata masafa yote yanayozidi kilohezi 16. Kuna mpiga matoazi aliyekaa studio siku nzima kupata mlio ule. Mimi naona ana haki ya kusikika. FLAC, iliyofika toleo 1.0 mwaka 2001, inabana bila kutupa kitu: ukiifungua, kila sampuli iko palepale ilipokuwa, na faili inapungua hadi karibu nusu.

Kwa hiyo ile rekodi ya folda ya VOICE itunze kama mboni ya jicho. Lakini zile 58 za kawaida, nafsi yangu inaniambia rafiki yako alikufanyia jambo jema.

#6 Mleta mada

Fundi, ubarikiwe sana. Betri nimeitoa. Kwenye kishikio kimoja kuna ukungu mdogo wa kijani. Na ndiyo, kinapokubali, kinajitokeza kama diski ya kawaida. Hilo la mpangilio wa FAT limenifanya nikae chini. Sikuwahi kulifikiria.

Msikilizaji makini, sijachukia hata kidogo, na ulichosema juu ya mpiga matoazi nimekielewa. Zile FLAC sijazifuta wala sitazifuta. Nikitaka kusikiliza wimbo, nitasikiliza hizo. Lakini kuna siku nataka kusikiliza alichokuwa anasikia kaka yangu. Yeye hakuwahi kuyasikia matoazi hayo yakiwa safi. Alisikia maji, na akayapenda maji. Alikuwa anautingisha mguu wake kitandani kwa wimbo wa 12 usio na mwanzo. Nikiutengeneza, nitakuwa nasikiliza kitu kizuri zaidi ambacho hakikuwahi kuwa chake.

#7 Mtu wa MiniDisc

Nimevumilia hadi nimeshindwa. Wa MiniDisc tupo wachache, tupewe nafasi.

Sony waliileta mwaka 1992. Diski ya milimita 64 ndani ya kasha lake la plastiki, unaishika bila kuogopa alama za vidole, na ina kilango cha chuma kinachojifungua chenyewe ikiingia. Dakika 74 kwa kubana kwa ATRAC, mbinu ya Sony wenyewe ya kubana sauti, kama kilobiti 292 kwa sekunde. Ilikuwa na kitu ambacho kaseti haikuwa nacho: unarekodi, kisha unagawanya wimbo, unauhamisha, unaufuta, unaandika jina herufi kwa herufi kwa kuzungusha kigurudumu. Nimeandika majina ya diski zangu zote arobaini namna hiyo. Jina moja lilinichukua dakika tatu, na siku nikiona lile jina linapita kwenye kioo nakumbuka nilikuwa nimekaa wapi nilipoliandika.

Nakuelewa kabisa kuhusu rekodi moja isiyo na mwenzake. MiniDisc ina jedwali lake la yaliyomo, na mashine huliandika mwishoni, baada ya kubonyeza kusimamisha. Niliwahi kumrekodi babu yangu akisimulia kwa saa nzima. Alipomaliza, betri ikazimika kabla jedwali halijaandikwa. Sauti yake ilikuwa imeshachorwa kwenye diski kwa joto la leza na sumaku, lakini mashine ilisema diski tupu. Nikiwa kijana na haraka zangu, nikarekodia muziki juu yake. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba kulikuwa na mbinu za kulidanganya jedwali na kuyapata yaliyomo.

Diski tupu za Sony hazitengenezwi tena tangu Februari 2025. Nilizonazo sizirekodii tena.

#8 Mdau wa kanda

Mtu wa MiniDisc, hiyo ya babu imeniuma. Pole.

#9 Aliyeachana navyo

Nitakuwa sauti tofauti kidogo. Nilikuwa na kanda karibu mia mbili, CD masanduku matatu, na vicheza vitano. Miaka sita iliyopita niligawa vyote. Simu inanitosha. Sikuvichukia. Niligundua tu kwamba nilikuwa natumia muda mwingi kupanga, kufuta vumbi na kutafuta mikanda ya mpira kuliko kusikiliza. Ile mikanda ya ndani ikizeeka inayeyuka kama lami, nadhani wa kaseti wananielewa.

Na kuna kilichonisukuma zaidi. Nilikuwa nimenunua nyimbo kihalali, faili zenye kufuli, kutoka duka moja la mtandaoni. Kila ukibadili kompyuta faili inaomba ruhusa upya. Siku duka lilipozima mitambo yake ya ruhusa, kompyuta yangu ikafa mwezi uleule. Nyimbo ziko kwenye diski hadi kesho, ninaziona kwa majina, hazifunguki. Nilikasirika, kisha nikachoka, kisha nikaacha kumiliki.

Mleta mada, kesi yako ni nyingine na sikushauri uachane na kitu. Nimeona tu niseme kwamba kuna wanaokumbuka watu wao bila kifaa mkononi, na kumbukumbu haijapungua.

#10 Fundi

Aliyeachana navyo, nimekusoma vizuri. Habari ya kufuli ndiyo sababu mimi huwaambia watu wasihifadhi chochote cha thamani katika faili inayohitaji ruhusa ya mtu mwingine ili ifunguke. MP3 haina kufuli, na hataza zake zimekwisha. Shirika la Fraunhofer lilifunga mpango wake wa leseni mwaka 2017. Watu walitangaza kwamba MP3 imekufa, kumbe siku ile ndiyo ilikuwa huru kwa kila mtu.

Na kwa wanaosikiliza FLAC kwa hedifoni za Bluetooth: njiani muziki unabanwa tena kwa mbinu kama SBC, AAC au nyingine. Hata LDAC, inayofika kilobiti 990 kwa sekunde, inatupa kitu. Mkitaka FLAC kamili tafuteni waya.

Mleta mada, kuhusu ile rekodi ya VOICE. Angalia jina la faili linaishia na nini. Ikiwa ni WAV, usidhani ni WAV kama ya CD. Vifaa vile mara nyingi vilirekodi kwa IMA ADPCM, mbinu ya kubana sauti, biti nne kwa sampuli, sampuli elfu nane kwa sekunde. Hapo unapata sauti hadi kilohezi 4 tu, karibu na ya simu. Usiigeuze iwe MP3, maana utabana kilichokwisha kubanwa. Tunza faili ya awali, na kama unataka ya kusikilizia kwenye simu, ifungue kisha uihifadhi FLAC. Haitaongeza kitu na haitapunguza kitu.

#11 Mwenye iPod

Mimi ninayo iPod classic ya gigabaiti 160. Najua ile ya kwanza ya Oktoba 23, 2001 ilikuwa na gigabaiti 5 tu na watu walishangaa nyimbo elfu kuingia mfukoni. Yangu diski ilikufa nikaitoa, nikaweka adapta ya memori kadi. Sasa ni nyepesi, haitetemeki, betri inakaa siku nyingi. Lakini nakiri nimekosa kitu. Diski ilipokuwa inaamka ulikuwa unaihisi kiganjani, kamtetemo kadogo, kisha kimya, halafu wimbo. Mkono wangu bado unaungoja.

Kinachonifanya nisiiache ni hesabu. iPod inahesabu kila wimbo umepigwa hadi mwisho mara ngapi. Nina wimbo mmoja wenye 214. Karibu zote ni za miezi minne niliyokuwa namuuguza mama. Sikumbuki vizuri siku zile, zimechanganyika, lakini ile namba iko pale. Nilipobadilisha diski niliogopa namba itarudi sifuri, na kabla ya kufungua nilihifadhi maktaba nzima mara mbili. Haikurudi.

Na wa albamu za jukwaani watanielewa: MP3 inakatwa kwa fremu za sampuli 1,152, na wimbo ukiisha katikati ya fremu, nafasi iliyobaki inajazwa ukimya. Kwa hiyo makofi yanakatika sehemu ya sekunde kati ya wimbo na wimbo. LAME, programu ya kutengeneza MP3, iliweka maelezo ndani ya faili kukiambia kicheza kiruke ukimya huo, na iPod zikajifunza kuunganisha nyimbo mwaka 2006. Albamu yangu ya kwanza niliisikiliza miaka mingi kabla ya hapo ikiwa na vile vikato. Siku vilipotoweka nilifurahi. Kwa hiyo mimi niko katikati kati ya mleta mada na Msikilizaji makini.

#12 Msikilizaji makini

Mleta mada, jibu lako la #6 nimelala nalo. Ninayo MP3 moja ya mwaka 2003 niliyoifuta nilipopata CD yake. Alinitumia mtu. Nilifuta faili, nikabaki na wimbo. Sijalitazama hivyo kabla ya leo.

#13 Mleta mada

Wakuu, mrejesho.

Nilisafisha kishikio, nikaweka betri mpya, nikaazima kompyuta yenye Linux. Kilikatika mara sita. ddrescue ikaanza tena pale ilipoishia kila mara. Ilichukua karibu saa tatu kwa megabaiti 256, na mwisho zikabaki sekta mbili tu zisizosomeka, zote ziko katika wimbo wa 33. Nimepiga SHA-256, nimeandika kwenye karatasi, nakala tatu zimekwisha kwenda mahali pake.

Nimefungua ile nakala. Mpangilio uko vilevile kama Fundi alivyosema, faili moja baada ya nyingine, na ni ule ule ulio kichwani mwangu. Rekodi ya VOICE ni WAV ya IMA ADPCM kweli. Nimeisikiliza kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza, kwa hedifoni kubwa. Baada ya "narekodi" kuna pumzi. Anavuta pumzi kupitia puani, kama anazuia kucheka. Kwa kile kifaa sikuwahi kuisikia.

Sasa kuna kitu sikielewi. Kwenye folda hiyo ya VOICE programu inanionyesha majina mengine mawili, herufi ya kwanza haipo: _OICE002 na _OICE003. Moja ina kama megabaiti 2.1, nyingine 1.8. Hazifunguki. Fundi, hizi ni nini?

#14 Fundi

Mkuu, hizo ni rekodi zilizofutwa. FAT ikifuta faili haifuti yaliyomo. Inabadilisha herufi ya kwanza ya jina na kuweka alama kwamba nafasi iko wazi. Ukubwa na mahali zilipoanzia vinabaki vimeandikwa. Kwa kiwango cha ADPCM, megabaiti 2.1 ni kama dakika tisa za sauti, na 1.8 ni kama saba na nusu.

Usifurahi mapema. Tazama zile sehemu zilipoanzia, kisha angalia kama kuna faili nyingine imeandikwa juu yake. Kama hakuna, tunaweza kuzirudisha zote mbili leo leo.

#15 Mleta mada

Nimeangalia, nimerudia mara mbili kuhakikisha.

Kuna faili juu yake. Ni wimbo wa 58, wa mwisho. Umekaa juu ya rekodi zote mbili na kipande kidogo kilichokuwa kimebaki wazi, megabaiti karibu nne kamili. Hakuna kilichosalia chini yake.

Wimbo wa 58 niliuomba mimi. Nilimsumbua wiki nzima, kila nikimwona nauliza ameuweka au bado, naye ananijibu kimejaa, hakiingii tena. Kisha siku moja akanirushia kifaa kitandani akasema, "Haya, umeingia." Nikarukaruka. Sikuuliza nafasi ameipata wapi.

Fundi asante. Wote asanteni. Nimefunga kompyuta, nimeweka betri mpya kwenye kifaa chenyewe. Kioo hakionekani vizuri lakini sihitaji kuona, nabonyeza mara moja kurudi nyuma kutoka wimbo wa kwanza na kinakwenda wa mwisho. Unapiga sasa hivi.